Jiwe la Mzee Mbonea

"Jiwe la mzee husogezwa kwa shikamoo." Mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya wazee wanaopenda kuamkiwa. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, kijiji kimoja kilikuwa kinachimba mfereji wa kuteremsha maji mashambani. Kazi ilikuwa ya msaragambo: baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Mfereji ulikwenda vizuri hadi ulipofika uani kwa Mzee Mbonea, penye jiwe bapa ambalo mzee huyo alilikalia mchana kutwa tangu afiwe na mkewe. Nani amwambie ainuke? Wakaona heri wauzungushe mfereji kwenye mchanga. Kila mvua iliponyesha ukingo ulibomoka, nao wakaanza upya. Midomo nayo haikulala: mara mzee ana laana, mara jiwe ni la tambiko. Mwishowe hata njia ya kwake wakaihama.

Nakiete, mjane kijana, alikuwa na shamba la mwisho kabisa bondeni. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na majani yalikuwa yameanza kujikunja kwa kiu. Hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chake na cha mama yake mwaka ule. Asubuhi moja aliutazama ukingo uliobomoka tena, akatupa jembe, akapanda kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

Mzee aligeuka kumtazama. Machozi yakamlengalenga.

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani nimeshakufa, mmesahau tu kunizika."

"Tulikuogopa, baba. Tunaomba mfereji upite hapa, sasa hili jiwe..."

"Jiwe hili?" Mzee akalipapasa. "Mke wangu, Mama Kilavo, alikuwa akikaa hapa kupukuchua mahindi. Nalikalia kwa ajili yake. Lakini yeye msaragambo hakuukosa hata siku moja! Angewaona mnavyohangaika na mchanga ule, angenipiga mwiko wa kichwa. Mbona hamkusema?"

Nakiete akampa mkono, mzee akajikongoja kuinuka.

Siku hiyo hiyo wanaume walikuja na mitaimbo, kila mmoja akianza na shikamoo, wengine wakiona haya hata kuinua uso. Mzee akawaelekeza walisogeze jiwe hadi kando ya mfereji, wanawake wapate pa kupumzikia. Maji yalipofunguliwa aliyafuata na mkongojo wake, akiitikia marahaba nyumba kwa nyumba. Alipofika bondeni, maji yalikuwa yanazama kwenye mashina ya maharage, na mama yake Nakiete alikuwa ameshamtolea kigoda.

Mpiga baragumu, aliyekuwa wa kwanza kuihama njia ya mzee, alimtazama akikaa, akafuta uso wake kwa kiganja.

"Jamani," akasema, "tumeuchosha mlima bure. Kumbe jiwe la mzee husogezwa kwa shikamoo."