Mshona Kofia Aliyekatazwa Kutoka

Hapo zamani, enzi ambazo liwali wa mji ndiye aliyekuwa hakimu na ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, palikuwa na mshona kofia katika mji wa Kitangani, jina lake Vuai bin Haji. Kazi yake aliijua barabara. Mambo mengine yote aliyajua nusu nusu, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema hilo. "Mungu alipokuwa akigawa akili," alipenda kuwaambia wateja wake, "mimi nilikuwa nimeinama natafuta sindano."

Basi Vuai akapanga nyumba moja ya Liwali Nasibu, nyumba ya mawe, yenye ua na kisima, na kodi yake nafuu ajabu. Mkewe, Mize, akamwuliza, "Nyumba nzuri hivi, mbona rahisi?" Vuai akatoa kifua mbele, akajibu kwamba Liwali ameupenda ustadi wake. Akatia dole gumba katika mkataba wa mwaka mmoja bila kuomba asomewe, akarudi kwa mwendo wa madaha kama aliyeposwa na ufalme.

Kesho yake akajua sababu ya unafuu. Ukuta kwa ukuta aliishi mzee Kombo, mtu mwema, mkarimu, aliyeingia uzeeni na hamu moja tu: kujifunza zumari. Alianza baada ya sala ya alfajiri, akapumzika wakati wa kula. Alijua nusu ya wimbo mmoja. Akifika katikati hukosea, akarudi mwanzo. Naye punda wake, kila akilisikia zumari, alidhani anaitwa, akaitika.

Kofia ni kazi ya vitundu vidogo na mkono uliotulia. Ikawa zumari likilia, sindano huruka. Kofia ya maalimu wa chuo ikatoka na tundu pasipotakiwa tundu, maalimu akaenda nayo msikitini, watu wakampa pole ya panya. Vuai akamwendea mzee Kombo, akamwambia kwa adabu, "Baba, sauti ya zumari lako yanifikia yote." Mzee akafurahi machozi yakamlenga. "Wanisikia mpaka huko? Alhamdulillahi!" Tangu siku hiyo akawa anapiga ameegemea ukuta wa Vuai, asije jirani yake akakosa hata kidogo.

Mwezi wa tatu Mize akafunga nguo zake. "Mume wangu, mimi nakwenda kwa kaka yangu. Ukipata nyumba ya kukaa watu, nifuate." Vuai akaketi peke yake katika nyumba yake nzuri, akajiona mpumbavu wa kupigiwa zumari.

Akaenda barazani kwa Liwali, akapiga magoti. "Bwana wangu, nakuomba uniachie nitoke kabla ya muda. Kelele za jirani zimeninyima kazi, nazo zimeniondolea mke."

Liwali Nasibu hakupenda wapangaji wanaotoka mapema. "Kelele?" akanena. "Mimi sizisikii. Niletee kelele hizo hapa barazani nizisikie kwa masikio yangu, ndipo nitakapokuachia. Tena pasiwe na zumari wala punda. Niletee kelele tupu." Watu wa baraza wakacheka. Kisha akamwamuru karani asome mkataba, na karani akasoma kwa sauti: "Atakayekaa katika nyumba hii hatatoka kabla ya mwaka kutimia."

"Umesikia?" akasema Liwali.

"Nimesikia, bwana wangu," akajibu Vuai. "Laiti ningesikia siku ya dole gumba." Akarudi nyumbani, akafunga mlango, asitoke tena.

Siku ya kwanza alijisifu kwa hila yake ya kuushika mkataba neno kwa neno. Siku ya pili akakumbuka kwamba hana chakula. Mzee Kombo akapata habari kwamba jirani yake hatoki, akamhurumia sana, akawa anampitishia dirishani wali na samaki, na kwa kuwa aliona mtu mpweke anahitaji kuliwazwa, akampigia hapo hapo dirishani. "Ewe Vuai," mshonaji akajiambia huku akitafuna, "hakuna aliyewahi kujitega akanasa vizuri kama wewe."

Lakini Liwali alikuwa ameagiza kofia ya kuvaa katika harusi ya binti yake, na harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatano akaja askari. "Vuai, Liwali anakuita na kofia yake."

"Kofia imebaki kupimwa kichwani tu," akasema Vuai kutoka dirishani, "na kichwa hicho ni cha Liwali. Mimi siwezi kutoka. Mkataba una muhuri wake."

"Nitakubeba."

"Nikitoka kwa miguu yangu au kwa mabega yako, ni kutoka. Muhuri wa Liwali utauvunja wewe, ndugu yangu, si mimi."

Askari akautazama mlango, akautazama mkuki wake, akarudi alikotoka. Alhamisi, Liwali akaja mwenyewe, amekasirika, karani nyuma yake. Vuai akampokea kwa heshima zote. "Karibu, bwana wangu, ukae nikupime."

Liwali akakaa kitini. Vuai hajafikisha uzi kwenye sikio la pili, zumari likaanza. Likafika katikati, likakosea, likarudi mwanzo. Punda akaitika. Mara ya tatu Liwali akashika kichwa. Mara ya tano akasimama, kofia imemkaa upande, akaelekea mlangoni. Vuai akatangulia, akapiga magoti kizingitini.

"Bwana wangu, huwezi kutoka. Umekaa."

"Nimekaa kitini!"

"Mkataba haukusema kitini. Umesema, atakayekaa katika nyumba hii hatatoka kabla ya mwaka kutimia. Nami nilikukaribisha ukae, nawe ukakaa, karani akiona. Tena kelele ulizoniagiza sikuweza kuzibeba, bwana wangu, mimi ni dhaifu. Nimeona ni rahisi zaidi kukuleta wewe kwenye kelele."

Liwali akamgeukia karani. "Ni nani aliyeandika maneno haya?" Karani akatazama vidole vya miguu yake. Zumari likarudi mwanzo. Basi Liwali akaanza kutikisika mabega, wakadhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Akacheka hata akarudi kukaa kitini, akashtuka, akaruka juu upesi kama aliyekalia makaa, akacheka zaidi. Akaomba mkataba, akauchana. Akampa Vuai nyumba nyuma ya bustani yake, mahali pa kimya, na akamtuma mpiga zumari wa baraza akamfunze mzee Kombo nusu ya wimbo iliyobaki.

Jioni hiyo Vuai akaenda kwa shemeji yake, akamsimulia Mize kila kitu, asiache hata punda. "Nimemshinda Liwali!" akasema. "Siku saba tu!"

Mize akasikiliza mpaka mwisho. "Hongera, mume wangu," akasema. "Mimi nilitoka mlangoni siku ileile niliyoamua kutoka."

Vuai akabeba mzigo wa mkewe, akamfuata nyuma kwenda nyumba mpya, na safari hii akamwacha yeye azungumze na karani.