Kwa Nini Jua Husimama Kaskazini, Kisha Hurudi

Mmeniuliza kwa nini mwezi wa sita jua hutuachia baridi na kwenda kuchomoza mbali kule kaskazini, nyuma ya mlima wa pili, na mwezi wa kumi na mbili likachomoza kusini kabisa. Nitawaeleza kama bibi yangu alivyonieleza. Si habari ya kufurahisha, na aliyeisababisha ni wa ukoo wetu, kwa hiyo sitaficha neno.

Kulikuwa na miaka ambayo jua halikuwa na safari. Lilichomoza kila siku mahali pamoja, juu ya bonde lililo katikati ya milima hii, na adhuhuri lilikaa wima juu ya vichwa, kila mtu akakikanyaga kivuli chake. Mchana ulilingana na usiku mwaka mzima. Jua alikuwa mama, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti aitwaye Macheo. Kila asubuhi Jua alimteremsha mlimani acheze na watoto wa watu, na jioni akamchukua upande wa magharibi. Macheo alikuwa mtoto kama wengine, ila alipoketi udongo ulikauka, na mkono wake ulikuwa na joto la jiwe la mekoni.

Katika kijiji cha bonde hilo aliishi mhunzi, Mbonea, na mkewe Nakiete. Mbonea aliyeyusha mchanga wa chuma akafua majembe ya nchi nzima. Mwaka mmoja mvua haikukatika. Mkaa ulilowa, mivukuto ya kupulizia moto ikaoza ngozi, na tanuru likazimika. Msimu wa kulima ulikuwa umefika na majembe ya zamani yalikuwa yamelika mpaka karibu na mpini. Watu walikuja wakaketi uani kwa Mbonea. Walikuwa wakimngoja.

Ndipo alipomwita binti wa Jua. "Macheo, mwanangu, njoo unipulizie hapa."

Macheo alipiga magoti, akapuliza mara moja, na mkaa uliolowa ukashika moto. Siku ile Mbonea alifua majembe tisa. Kesho yake alimwita tena, na kesho kutwa, na watu wakaanza kuja kutoka vijiji vya mbali. Macheo hakukataa, kwa sababu watoto hupenda kuambiwa kwamba wamesaidia. Lakini siku ya saba alichelewa kuinuka pale alipoketi.

"Baba, leo nimechoka," alisema.

"Ni haya machache tu, mwanangu. Wenzako watalala njaa."

Nakiete alikuja akamshika mtoto mikono. Ilikuwa baridi. "Mbonea, mwache. Hebu mguse."

"Kesho atapumzika," Mbonea alijibu.

Macheo alipuliza. Moto uliwaka mweupe, chuma kikatiririka kama uji, na Mbonea alikuwa bado anakitazama aliposikia mkewe akiita. Mtoto alikuwa amelala ubavu chini ya ukuta. Nakiete alimpakata, lakini kabla hajafika naye mlangoni alikuwa amekwisha kufifia, kama umande unavyotoka kwenye jani, na mikononi mwake hapakubaki kitu.

Jioni Jua alifika magharibi akangoja. Alipoona mtoto haji, aliuliza, "Mbonea, mwanangu yuko wapi?"

Mbonea aligeuka akatazama tanuru. Akafikiria majembe, akafikiria watu waliojaa uani, akaogopa kwamba Jua ataiunguza nchi. Akanyoosha mkono. "Nilimwona akienda kaskazini, kufuata njia ya milimani."

Nakiete alimtazama mumewe. Naye akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata Jua hakuchomoza juu ya bonde. Alichomoza kando kidogo, na kesho yake kando zaidi, akielekea kaskazini huku akiangalia kila bonde. Huku nyuma mchana ulipungua, ukungu ukashuka, na kwa mara ya kwanza watu wakaona vivuli vyao vya adhuhuri vimelala upande wa kusini. Jua alikwenda mpaka alipofika mwisho wa njia. Hapo alisimama siku kadhaa bila kusogea, akiita. Hakuitikiwa. Akageuka.

Aliporudi juu ya kijiji alimwuliza Mbonea tena, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Upole huo ndio uliomtia Mbonea hofu kuliko ghadhabu. "Labda sikuona vizuri," alisema. "Labda ni kusini." Jua akaenda kusini, akasimama huko siku kadhaa akiita, akageuka.

Miezi hiyo yote Mbonea hakulala vema. Majembe yalikuwa yamelima, mahindi yalikuwa yamekomaa, naye kila alipokula alisikia ladha ya majivu. Mwishowe alimwambia mkewe, "Akirudi nitamwambia."

"Mwambie na mimi nilinyamaza," Nakiete alijibu.

Siku Jua alipokaribia, walipanda wote wawili mpaka kileleni. Mbonea alisimama akapaza sauti: "Mama, mwanao hayupo. Alikufa nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyemwua." Alisema mara tatu. Lakini Jua alikuwa ameacha kuuliza. Pale katikati palikuwa nyumbani kwake na mwanawe, naye hakuweza tena kupatazama, akapita upesi bila kusikia, uso ameuelekeza kaskazini. Mbonea alipanda kilele hicho kila mwaka, akaukiri uovu wake mpaka sauti ikamkauka. Alipokufa, Nakiete alimzika huko juu, naye akaendelea kupanda, mpaka miguu ikamkatalia.

Na tangu mwaka ule Jua hajakaa mahali pamoja. Katikati hupita haraka, ndiyo maana mwezi wa tatu na wa tisa mtaona machomozeo yake yakihama kila siku. Mwezi wa sita husimama kaskazini, na wa kumi na mbili husimama kusini, siku kadhaa asisogee, kisha hugeuka. Nimesikia kwamba huko mbali kaskazini, wakati huo mchana huwa mrefu mno, na watu hutoka nje wakacheza ngoma kwa furaha. Siwalaumu. Wanauona mwanga tu. Hawajui kwamba Jua anachelewa kutua kwa sababu bado hajamaliza kutafuta.