Nani Abishe Hodi kwa Mzee Kombo

Hapo zamani, nami nasema zamani yenye tarehe, Jumanne ya tarehe 16 Agosti mwaka 2011, katikati ya mfungo wa Ramadhani, Semboja Athumani Mhando wa kijiji cha Kwembago alianguka mkekani mara tu alipokunywa funda la kwanza la uji wa futari. Uji ule aliupika mkewe, Mwanahamisi binti Kombo.

Mwanahamisi alimwinua mumewe, aliyekuwa akitetemeka na kulowa jasho, akamsogezea tena bakuli. "Kunywa, bwana, una njaa."

Bi Mgeni, dada yake Semboja, akalinyakua. "Usimnyweshe tena! Ulichomtilia hakijatosha?" Akalifunika bakuli kwa kanga, akalificha liwe ushahidi.

Wakambeba hadi kituo cha afya. Tabibu Evarist Lyakurwa akamtoboa kidole, akapima, akakunja uso. "Sukari imeshuka mno. Amekula nini?"

"Muulize mkewe," akajibu Bi Mgeni.

Tabibu akamtilia maji ya sukari mshipani, Semboja akafumbua macho. Zaidi ya hapo hakuna aliyeuliza neno.

Na kumbe mambo yalikuwa hivi. Mwezi Julai tabibu alimwandikia Semboja vidonge vya kisukari: kimoja baada ya chakula cha asubuhi, kimoja baada ya chakula cha mchana. Hakumuuliza kama atafunga. Semboja naye, kwa kuwa mchana hali, akawa anavimeza vyote viwili wakati wa daku.

"Vyote viwili, bwana?" mkewe alimuuliza.

"Mgonjwa ni mimi au wewe?"

Maneno hayo Semboja aliyakumbuka palepale kitandani, huku dada yake akipiga kelele za sumu. Akafumba macho tena, akanyamaza.

Shaka ikaingia kijijini. Aliyeazima sufuria ya Mwanahamisi aliirudisha bila kuipikia. Watoto walikatazwa kunywa maji kwake. Akisalimia, alijibiwa kwa nusu sauti. Akipita, mazungumzo yalikatika. Idi ilipokwisha alifunga nguo zake, akarudi kwa baba yake.

Jumatatu ya tarehe 26 Septemba, Semboja alipokwenda kuchukua dawa, tabibu alimwuliza hatimaye alivyokuwa akizimeza mwezi ule wa mfungo. Semboja akaeleza. Ukweli ukatoka, na kabla ya jua kutua ulikuwa umefika kwa Mzee Kombo, naye akatuma neno: "Binti yangu atarudi akija mtu mmoja, yule mwenye kosa, aseme kosa lake mlangoni pangu. Msafara siutaki. Msafara humficha mkosaji."

Tabibu na Bi Mgeni wakakutana na Semboja barazani kwake kuamua nani aende, wakitazamana kwa pembe za macho.

Tabibu akasema: "Mimi sikuuliza. Mimi Mkristo, niliona kumhoji mtu mzima habari za funga yake ni kumchokoza. Lakini sumu sikuitaja. Aende aliyeitaja."

Bi Mgeni akasema: "Mimi niliitaja. Lakini ndugu yangu alikuwa akinifia mikononi, na habari za vidonge sikuzijua. Aende aliyezijua."

"Na bakuli je?" tabibu akamkatiza. "Ungemwachia ule uji wenye sukari, huenda kwangu asingefika."

"Ya bakuli tuyaache, daktari!"

Semboja akasema: "Mimi nilizijua, nikanyamaza kwa aibu. Lakini niliambiwa viwili kwa siku, nikameza viwili kwa siku. Hakuna aliyenifundisha kufunga nikiwa na dawa. Aende aliyesomea kufundisha."

Bi Mgeni akacheka bila furaha. "Haya, daktari, tumezunguka mpaka tumerudi kwako!"

Sasa, yuko fundi cherehani mmoja pale sokoni anayesimulia kwamba watatu hao walikwenda pamoja, wakachinja mbuzi, wakasamehewa, na Mwanahamisi akarudi akiimbiwa. Si kweli. Mbuzi hakuwepo, wala wimbo. Alhamisi ya tarehe 6 Oktoba walitoka pamoja, hilo ni sahihi. Lakini walipofika njiapanda ya kwa Mzee Kombo walisimama, kila mmoja akimshuku mwenzake kuwa anangoja kujificha mgongoni mwake. Mwanahamisi alikuwa dirishani, anawaona. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa komeo.

Je, kati ya asiyeuliza, aliyesingizia na aliyenyamaza, nani alistahili kubisha hodi?