Siku Kama ya Leo, na Sahani Moja

Wapendwa, palikuwa na mtangazaji wa redio, mtu wa maneno matamu. Kila asubuhi alikuwa na kipindi chake, "Siku Kama ya Leo." Siku kama ya leo mfalme fulani alivikwa taji, siku kama ya leo vita fulani vilikwisha. Watu wanasikiliza mpaka chai inapoa! Kisha wasikilizaji wanapiga simu, kila mmoja na tukio lake: huyu alioa, yule aliponea chupuchupu kuliwa na mamba.

Tarehe za dunia nzima alizijua. Ya kwao nyumbani aliiruka. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kumzika baba yao, yeye, kitinda mimba, alitangulia kutupa udongo kaburini kabla ya kaka yake mkubwa, ambaye kwa desturi ndiye huanza. Alisema ni uchungu tu, hakujua alichofanya. Kaka akasema ni dharau. Tangu hapo hawakula tena pamoja. Kila mwaka tarehe ile ikirudi, mama yao anapika chakula cha kumkumbuka marehemu. Kaka anakuja mchana, mdogo anakuja jioni. Hebu mfikirieni mama huyo, miguu imevimba, anapakua mara mbili kwa watoto wa tumbo moja!

Mwaka mmoja tarehe ile ikafika. Mtangazaji amemaliza wafalme wake na vita vyake, simu ikaita.

"Karibu, msikilizaji. Siku kama ya leo kulitokea nini?"

"Siku kama ya leo nilikuzaa wewe," sauti ikajibu. "Siku kama ya leo tukamzika baba yako. Na siku hiyohiyo wewe na kaka yako mkaacha kusalimiana. Mambo yote hayo tarehe moja, mwanangu. Mbona huyatangazi?"

Mtangazaji akashusha sauti.

"Mama... tuko hewani."

"Najua. Na kaka yako anasikia, maana kila asubuhi anakusikiliza, ila hakwambii. Nimepika. Safari hii napakua mara moja, sahani moja. Nimechoka."

Simu ikakatwa. Nanyi mngefanyaje? Mngeweka wimbo? Aliweka wimbo, tena mrefu, akamwachia mwenzake kipindi, akaenda.

Alimkuta kaka yake ameketi mkekani, ameshanawa, wali haujaguswa. Kaka akamsogezea maji. Mdogo akanawa, akarudisha mikono mapajani.

"Anza wewe, kaka," akasema.

Kaka akachukua tonge la kwanza, akala huku machozi yanamtoka. Ndipo mama naye akaketi.

Sisi, wapendwa, tarehe tuliyokosewa tunaikumbuka kuliko tarehe tuliyobatizwa! Tunaitunza, tunaiadhimisha kila mwaka kwa kununa. Lakini nawaambia bila wasiwasi wowote, siku iliyobeba kaburi inaweza kubeba na karamu. Mungu hajaifunga siku ya leo. Mwakani, siku kama ya leo, nyumbani kwako watasema kulitokea nini?

Yule uliyemkwepa pale mlangoni asubuhi hii, nami nikakuona, yumo humu ndani. Nikisema amina, usikimbilie mlango wa pembeni. Mwendee, umwambie, "Anza wewe."