Chekechea ya Bwana Chatu

"Mpo?"
"Tupo!"
"Mmekaa au mmechuchumaa?"
"Tumekaa!"
"Mbwa mmewafunga?"
"Tumewafunga!"
"Wafungueni. Hadithi hii ni ya mwenzao, wakiikosa watanuna."
"Tumewafungua! Lete!"

Naleta.

Hapo kale alikuwapo Bi Nguchiro, mwili mwembamba kama kamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Aliishi peke yake kwenye kichuguu chenye milango mingi, na kazi yake ilikuwa mayai. Mayai yenyewe hakuyataga, hakuyanunua, na kuku wa watu hawakuwahi kumpa kwa hiari yao. Lakini kazi ni kazi.

Asubuhi moja aliingia kijijini kwenye banda la kuku. Mlangoni alikuta mtoto wa mbwa, amewekwa alinde. Mtoto wa mbwa akamnusa mwizi. Mwizi ananukia mayai, ananukia nyasi, ananukia vituko. Akampenda papo hapo. Bi Nguchiro akatoka na yai lake, mbwa nyuma. Akapita mihogoni, mbwa nyuma. Akakimbia, mbwa nyuma. Akajitupa ndani ya kichuguu, mbwa akakwama mlangoni: kichwa ndani, makalio nje, mkia unapiga udongo pu! pu! pu!

"Wewe si mlinzi?" Bi Nguchiro akamuuliza. "Ni ulinzi gani huu, kumsindikiza mwizi mpaka kwake?"

Mbwa akamlamba pua. Lapu!

Basi, moyo wa Bi Nguchiro ukalainika kama uji. Akampanulia mlango, akamfanya mwanawe, akampa jina la Tulia. Alimpa jina hilo kwa matumaini.

Matumaini hayakusaidia. Tulia alitafuna kila kilichotafunika. Alichimba mashimo mpaka majirani wakawa wanatembea wanatazama chini. Mgeni akija, badala ya kumwamkia, alimzunguka kwa nyuma akamnusa, na hakuchagua mzee wala mheshimiwa. Alibweka kwa jua, alibweka kwa kivuli, alibweka kwa kubweka kwake mwenyewe. Bwe! Bwe! Bwe! Na Bi Nguchiro akipaza sauti, "Tulia!", yeye anasikia anaitwa, anakuja mbio na furaha zote, anamwangusha.

"Mama Tulia," majirani wakasema, "mtoto huyu hana adabu."

"Atakua," akasema Bi Nguchiro. Lakini ndani aliumia. Alijiuliza kama ni lishe, kama ni malezi, kama ni yeye. Na baya zaidi, kazi yake ilitaka ukimya. Utaingiaje kwenye banda la watu huku nyuma yako kuna mtu anapiga bwe bwe bwe? Njaa ikaanza kuwabishia hodi. Bi Nguchiro akaamua kumtafutia mwanawe mahali pa kushinda mchana.

Akampeleka kwanza kwa Bi Kobe, mlezi aliyesifika kwa subira. Alipomrudia alasiri, alimkuta Bi Kobe chali, miguu juu, anazunguka taratibu kama sufuria iliyopigwa teke.

"Vipi mwanangu, Bi Kobe?"

"Mchangamfu," akasema Bi Kobe. "Naomba unigeuze. Kisha usirudi."

Akampeleka kwa Mwalimu Korongo, aliyefundisha adabu kule bwawani. Watoto wote walisimama mstari mmoja, kimya, shingo ndefu.

"Hapa kwetu," akasema Mwalimu Korongo, "somo la kwanza ni utulivu. Inueni mguu mmoja!"

Watoto wakainua mguu mmoja. Tulia naye akainua mguu mmoja. Bi Nguchiro akajaa fahari mpaka masikio yakamsimama. Churururuuu! Kwenye goti la Mwalimu.

Wakarudi nyumbani bila kuagana na mtu.

Siku ile Bi Nguchiro hakula. Alimtazama Tulia anavyoufukuza mkia wake mwenyewe, akawaza: nimemlea vibaya, hakuna atakayemtaka. Na ukishafika hapo, yeyote atakayemtaka mwanao utamwona mtu mwema.

Ndipo akasikia habari za chekechea ya Bwana Chatu, pangoni mwa jabali.

Enzi hizo Bwana Chatu alikuwa na heshima zake. Alikuwa mnene, anang'aa, anasema polepole. Hakuna aliyejua anakula nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akila na akabaki na nafasi ya kusimulia. Bi Nguchiro akapiga hodi, amemshika Tulia shingoni asije akamnusa mwenye nyumba.

"Karibu, mama, karibu," akasema Bwana Chatu. "Unasikia kelele?"

Bi Nguchiro akatega sikio. Pango zima, kimya. "Sisikii."

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu. Jina la mtoto?"

Bi Nguchiro akaona aibu kulitaja jina ambalo kila mtu alikuwa akilicheka. "Muungwana," akasema.

"Jina zuri. Ana pembe?"

"Hana."

"Kwato?"

"Hana, bwana."

"Vizuri sana. Pembe na kwato zinasumbua masomoni." Bwana Chatu akamzungushia Tulia mwili wake, akamnyanyua, akampima. Macho yakamlegea. "Mmmm. Huyu analishwa mayai."

"Umejuaje?"

"Ni uzoefu. Mimi, mama, siwapigi watoto. Mimi nawakumbatia. Namkumbatia mtoto mpaka anatulia. Na huyu wako ana kipaji, atahitimu leo hii hii."

Leo hii hii! Mtoto aliyefukuzwa kila mahali! Bi Nguchiro machozi yakamtoka. Akambusu mwanawe, akashika njia, mkia juu, anatembea kama aliyetunukiwa.

Hakufika mbali. Kwenye vichaka akamkuta Bi Swala analia, kwi kwi kwi.

"Shoga, una nini?"

"Mama Tulia, nimeaibika. Wa Bi Ngiri kahitimu. Wa Bi Sungura kahitimu siku ya kwanza tu, na ninavyomjua hana akili yule. Wangu mimi Bwana Chatu kamnyanyua, kasema bado, kamfungia chumba cha nyuma, eti arudie darasa. Mwanangu amefeli!"

"Amefeli somo gani?"

"Unene."

Bi Nguchiro akasimama. "Unene? Na hao waliohitimu wako wapi?"

"Wanaendelea na masomo ya ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani tu. Nilimuuliza Bwana Chatu, akajipapasa tumbo akasema, wako ndani, wametulia. Nikaona wivu, shoga yangu, sikufichi."

Bi Nguchiro hakusubiri kusikia zaidi. Akageuka. Akakimbia, akakimbia, akakimbia, nyasi zinampiga usoni, na moyo wake unasema: mwanangu, mwanangu, mwanangu. Akafika pangoni akachungulia.

Bwana Chatu alikuwa amefungua kinywa wazi kama mlango wa ghala. "Tulia, mtoto, tulia," akasema kwa sauti ya asali.

Tulia akasikia anaitwa kwa jina. Akaruka kwa furaha, akamlamba Bwana Chatu jicho. Lapu!

"Nimesema tulia!"

Lapu! Jicho la pili. Sasa wameshafahamiana, Tulia akaona aibu kutomnusa. Akaanza kumzunguka kutafuta nyuma yake iko wapi. Akafuata mwili, akakunja kona, akafuata mwili, akakunja kona, akajikuta amerudi kichwani. Akaanza upya. Bwana Chatu alikuwa amejiviringisha mafungu mafungu, naye akaanza kugeuza kichwa huku na huku. "Yuko wapi? Umeshika nini hapo? Huo ni mkia wangu au wako?"

Bi Nguchiro akaliona lile. Akasema moyoni: kumbe hata mwenyewe hajui anapoishia.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumng'ata. Lakini Chatu ni Chatu, akikaza mara moja tu mambo yamekwisha. Kwa hiyo Bi Nguchiro akajifuta jasho, akabisha hodi kama mgeni mwenye haya.

"Hodi, Bwana Chatu. Samahani kwa kukatiza masomo."

"Tuko kwenye mtihani, mama," akasema Bwana Chatu, anahema.

"Bwana, nimekuja kutubu. Nilikudanganya. Mtoto huyu hana adabu hata kidogo."

"Nimeona."

"Hastahili kuhitimu. Atakuchafulia jina. Ila nyumbani ninaye mwingine."

"Mwingine?"

"Mkubwa wake. Nilimficha kwa sababu ya husuda za watu. Mnene, bwana, mnene mpaka mlangoni hatoki. Hana pembe, hana kwato, hana hata manyoya."

Kooni mwa Bwana Chatu pakasikika glu. "Anabweka?"

"Hajawahi kutamka neno."

"Anarukaruka?"

"Analala tu. Ukimkumbatia hata hashtuki."

"Mama," akasema Bwana Chatu, na sauti ilikuwa inatetemeka, "mtoto kama huyo anahitaji msaada wa haraka. Twende."

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Mbele Bi Nguchiro, katikati Bwana Chatu anaburuza tumbo, srrrrr, nyuma Tulia anabwekea vumbi. Wakafika kichuguuni.

"Ingia mlango huu, bwana. Mtoto yuko chumba cha kati."

Bwana Chatu akaingiza kichwa, akaingiza shingo, akaingiza mwili. Njia za mle ndani zinazunguka kama utumbo, akapinda kulia, akapinda tena kulia, giza totoro. Nje ukabaki mkia.

"Bwana, usiuache mkia nje," akasema Bi Nguchiro. "Wazazi wengine wataona, watajaa hapa na watoto wao."

"Umebana, mama, hauji!"

"Nitakusaidia kuuingiza." Akamwonyesha Tulia ule mkia, kisha akamwonyesha mlango wa pili. Kuna kitu mbwa anachopenda kuliko kuvuta? Tulia akaukamata, akaingia nao kinyumenyume, grrrrr, grrrrr, anauvuta mpaka chumba cha kati, akauweka pale, akatokea mlango mwingine mdomo umejaa udongo.

"Nani ananivuta?" Bwana Chatu akauliza kutoka ndani.

"Ni nyumba tu, bwana, imejengwa vibaya. Umemwona mtoto?"

Bwana Chatu akapapasa gizani. Akagusa kitu kinene, kilaini, kimya, kimelala. "Ndiye huyu?"

"Ndiye. Mwahi kabla hajaamka."

Gwaa!

Ikatoka sauti ya mtu anayesema chakula kikiwa mdomoni: "Hana vurugu kabisa."

"Si nilikwambia? Mpole huyo."

"Ladha yake kama naifahamu."

"Ni wa ukoo bora, bwana." Na Bi Nguchiro akaanza kumwimbia huku anapiga makofi:

Meza, mwalimu, meza,
mtoto hana kelele,
meza, mwalimu, meza,
mwisho wake u mbele.

Bwana Chatu akameza. Akameza tena. "Mama! Mbona mkia wangu unauma?"

"Hiyo ni njaa, bwana, imeteremka mpaka huko. Meza haraka ipoe."

Akameza haraka. Maumivu yakapanda. Akameza haraka zaidi kuyapoza, yakapanda zaidi. Alipotaka kutema, haikuwezekana, maana meno ya chatu yameelekea ndani, kikishaingia hakirudi upesi. "Mmmm! Mmmmm!" Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kama mwalimu.

Tulia akamaliza kazi iliyobaki. Akachimba, fuku fuku fuku, kazi ile ile waliyokuwa wakimsema vibaya, mpaka kichuguu kikapasuka ubavuni na Bwana Chatu akatokeza mwangani, duara kamili kama pete ya zimwi. Tulia akamsukuma kwa pua. Biringi, biringi, biringi, akateremka kilima chote, akapotelea bondeni. Watu wanasema alikuja kuutapika mkia wake baada ya muda mrefu sana, kwa uchungu mwingi. Ndiyo maana mpaka leo chatu akikamata windo, kabla ya kumeza anatafuta kwanza kichwa kiko wapi. Anahakikisha si chake.

Bi Nguchiro akarudi pangoni, akafungua chumba cha nyuma, akamtoa mtoto wa Bi Swala, mwembamba vile vile, mzima vile vile. Akampeleka kwa mama yake.

Bi Swala akamkumbatia mwanawe, akalia, akamlamba kichwa chote. Bi Nguchiro akamweleza mambo yote tangu mwanzo. Bi Swala akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja uso.

"Sawa," akasema, "asante. Lakini sasa mwanangu atahitimu wapi?"

Bi Nguchiro akamwita mbwa wake waondoke, na mbwa, kwa vile alikuwa mbali anamnusa mzee mmoja wa watu, hakuja. Ikabidi amfuate.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, lisikilizeni vizuri. Mzazi asiibe. Mzazi asiseme uongo mbele ya walimu. Mbwa afundishwe adabu mapema, asichimbe, asirukie watu, asivute mikia ya wakubwa. Na mkitafuta pa kumpeleka mtoto, chagueni mahali penye utulivu, penye mwalimu anayekumbatia. Bi Nguchiro hakufuata hata moja kati ya hayo, na mmeona yaliyompata: yeye mzima, mwanawe mzima, wanakula mayai. Msimwige.

"Nimemaliza!"
"Imekwisha!"
"Aliyesinzia?"
"Aamshwe!"
"Aliyeamka?"
"Akalale!"
"Na mbwa?"
"Wameshakimbia!"