Picha Nne Katika Kabati la Mzee

Wekeni mtu mmoja mbele ya macho yenu, ndugu zangu. Ni mkulima wa iliki, huko juu milimani ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Jina hana. Nikimpa jina mtaanza kumtafuta kwa majirani zenu, na leo asiwepo mtu wa kumtazama jirani yake.

Mtu huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, kaya arobaini na tatu. Alikuwa mtu wa kunyooka. Kwenye mzani hakuweka kidole. Iliki mbichi hakuichanganya na kavu ili gunia liwe zito, na aliyemkamata akichanganya alimfokea mbele ya watu wote, awe mjomba wake, awe nani. Hasira zake zilikuwa karibu. Shule hakufika mbali, lakini alijifundisha mwenyewe kusoma barua za biashara, na alipenda kusema, "Mimi sina njia ya uchochoroni. Ukinikuta hapa, ndipo nilipo."

Ishikeni kauli hiyo.

Kikundi kilianzishwa na baba yake. Mzee yule ndiye aliyewatoa wenzake mikononi mwa madalali, akawatafutia mnunuzi Ulaya, kampuni ya viungo iliyochukua iliki yao yote kila mwaka kwa bei mara mbili ya ile ya dalali. Kisha Mzee akafariki. Wakamzika vizuri, wakamlilia, na kwa heshima yake wakafanya mambo mawili. Kiti chake cha ofisini wakakifunika kitenge, asikikalie mtu. Kabati lake la mbao wakaliacha limefungwa kama alivyolifunga mwenyewe, ufunguo ukabaki kwa mjane wake. Mwanawe akachaguliwa mwenyekiti, akawa anaongoza mikutano akiwa amekaa kwenye benchi, pembeni ya kiti kitupu. Watu wakamsifu. Wakasema, huyu ana adabu.

Lipo jambo moja hawakulifanya. Hawakuiambia benki.

Akaunti ya kikundi ilikuwa na watia saini watatu: Mzee, katibu na mweka hazina. Saini mbili zilitosha kutoa fedha. Kwa hiyo Mzee alipofariki, katibu na mweka hazina wakaendelea kutia saini, kazi ikaendelea, na kule benki Mzee akaendelea kuishi. Mwaka wa kwanza ukapita. Ukapita na wa pili.

Sasa huko Ulaya nchi ni nyingi na zimebanana. Zamani kila nchi ilikuwa na utaratibu wake wa benki, na kumlipa mtu wa nchi ya pili ilikuwa safari: fomu nyingine, namba za mtindo mwingine, makato mengine, siku za kungoja. Wakakubaliana waachane na vurugu hiyo. Malipo ya kuvuka mpaka yawe na utaratibu mmoja kwa wote, na ikifika tarehe iliyowekwa, ule wa zamani usipokelewe tena. Makampuni yakaambiwa yajiandae. Na ile kampuni ya viungo, ilipokuwa inabadilisha mitambo yake, ikaona iisafishe orodha yake nzima ya wauzaji, wa karibu na wa mbali. Ikaandika barua milimani: jazeni fomu hii, benki yenu iigonge muhuri kuthibitisha kwamba akaunti ni ya kikundi na watia saini ni hawa, nayo irudi kabla ya tarehe mosi ya mwezi wa pili. Isiporudi, mtambo mpya hautawatambua, na tusiyeweza kumlipa hatuwezi kumwagiza mzigo.

Barua ilifika mwezi wa nne. Walikuwa na miezi kumi.

Mweka hazina alikuwa mke wa binamu yake mwenyekiti, mwanamke asiyepoteza maneno. Alishuka mjini benki, akarudi siku hiyohiyo, akamkuta mwenyekiti kwenye vichanja anageuza iliki ikauke.

"Shemeji, muhuri hawagongi mpaka watia saini wote watatu wafike na vitambulisho vyao."

"Si muende wewe na katibu."

"Nimesema watatu."

Mwenyekiti akaendelea kugeuza iliki.

"Kwa hiyo tupeleke cheti cha kifo," mweka hazina akasema, "na muhtasari wa kikao kwamba nafasi ya Mzee sasa ni yako. Picha zako, saini yako. Na cheti cha usajili wa kikundi, kile halisi. Kiko kabatini."

"Kabati la baba halifunguliwi."

"Basi tuanze na jina."

"Jina la baba yangu nilifute mimi? Kwa mkono huu? Nimzike mara mbili?"

"Benki hawajasema tumzike, shemeji. Wanataka tuseme kwamba tumemzika."

Uso wa mwenyekiti ukabadilika. "Waandikie hao Wazungu. Waambie wanatujua. Miaka kumi na tisa hatujawapelekea hata punje moja yenye mchanga. Jina la Mzee ndiyo fomu yetu."

"Nitaandika," akasema mweka hazina. "Lakini mtambo hauli iliki."

Nawauliza ninyi mnaonisikiliza. Mwenyekiti huyu aliiba? Hakuiba. Alikuwa mvivu? Hapana. Alimpenda baba yake, na nani atamlaumu mtu kwa kumpenda baba yake? Mngekuwa ninyi kwenye benchi lile, pembeni ya kiti kile, mngekivua kitenge?

Mwezi wa nane ikaja barua ya kukumbusha. Mwezi wa kumi na moja ikaja nyingine, fupi kuliko ya kwanza. Na mwenyekiti hakukaa bure. Alipaka ghala chokaa. Alinunua magunia mapya, akayaandika jina la kikundi kwa wino mweusi. Iliki ya mwaka ule ilichambuliwa mara tatu. Kwenye mkutano akasimama bibi mmoja mjane, mwanachama wa tangu mwanzo, akasema, "Mwenyekiti, dalali amekuja kwangu mara mbili. Anataka mzigo wangu sasa hivi, mkono kwa mkono. Na huku nasikia Ulaya wamebadilisha mambo. Tumejiandaa, au nimpe?"

"Usimpe. Mwambie tuna mnunuzi."

"Nakuuliza, tumejiandaa?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono kuelekea ghalani, kwenye magunia mapya. "Unaona mwenyewe, mama. Tumejiandaa."

Bibi akaenda kumkatalia dalali.

Mwezi wa kwanza ulipofika katikati, mwenyekiti akavaa koti lake, akashuka mjini mwenyewe. Alijiambia kwamba wanawake hawajui kuongea na benki, kwamba mambo haya yanataka mtu wa kusema wazi. Njia nzima alipanga atakavyosema wazi. Akaketi mbele ya binti wa benki, akaeleza habari za kikundi, za iliki, za miaka kumi na tisa. Binti akafungua kumbukumbu zake, akatabasamu.

"Nawajua. Namkumbuka mzee wenu, alikuwa anakuja na kofia yake ya kijani. Hajambo?"

Angesema hapo. Swali lilikuwa limekuja lenyewe, limekaa mezani, na jibu lilikuwa neno moja. Lakini akaona kama akilisema neno lile mbele ya mgeni, kile kiti cha ofisini kitavuliwa kitenge na upepo.

"Yupo," akasema.

"Basi njoo naye Jumatatu. Ni dakika kumi tu, anatia saini, nagonga muhuri, mnaondoka."

Akashukuru. Akatoka nje akasimama juani na koti lake, mtu wa kunyooka, mtu asiye na njia ya uchochoroni. Jumatatu hakwenda. Angekwenda na nani?

Tarehe mosi ya mwezi wa pili ikafika, ikapita. Kulikucha kama siku zote. Siku ya tisa ujumbe ukaingia kwenye simu ya mweka hazina, naye akausoma kwa sauti pale ofisini, kiti kitupu kikisikiliza. Ulikuwa wa heshima. Kampuni iliwashukuru kwa miaka yote, ikasema orodha imefungwa, na agizo la mwaka huu limepelekwa kwa wakulima wengine. Wakipenda waombe upya kama wageni, watazamwe mwakani pamoja na wageni wengine.

"Haya," akasema mweka hazina, akaiweka simu kwenye mkoba. Hakuongeza kitu, na mwenyekiti alitamani angeongeza.

Wiki ile dalali alipanda na lori. Hakuhitaji kupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa ghala, akayasifu magunia, akataja bei. Ilikuwa nusu. Alipofika kwenye gunia la yule bibi mjane akamuuliza kwa upole, "Bibi, mnunuzi wenu wa Ulaya hajambo?"

Bibi akamtazama mwenyekiti, akangoja, na mwenyekiti ndiye aliyeinamisha macho.

Siku hiyo ndipo alipokwenda kwa mama yake. Mama alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mama, nipe ufunguo wa kabati. Nataka cheti cha usajili, tuombe upya."

Mama akaingiza mkono kifuani, akafungua fundo la khanga, akampa. Mwenyekiti akasimama na ufunguo kiganjani.

"Siku zote umekaa nao hapo?"

"Siku zote, baba. Nilikuwa nangoja uniombe."

Akaenda ofisini, akafungua. Hakupata taabu ya kutafuta. Juu kabisa, mbele ya macho, kulikuwa na faili la kaki. Ndani yake barua ya kampuni ya viungo, ya kwanza kabisa, iliyokuja wakati Mzee angali hai: miaka michache ijayo malipo yetu yatabadilika, tafadhali anzeni kujiandaa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa baba yake: *Hili tusilicheleweshe.* Chini yake cheti cha usajili. Chini ya cheti, barua iliyoandikwa kwa mkono kwenda benki. *Mimi afya yangu si nzuri. Naomba jina langu liondolewe kwenye akaunti ya kikundi, na nafasi yangu aishike mwanangu.* Saini ya Mzee ilikuwapo. Saini ya katibu ilikuwapo, ya mweka hazina pia. Mzee aliwakusanyia karatasi siku moja wakamtilia saini bila kusoma, kwa jinsi walivyomwamini. Ilikosekana moja. Mahali pake palikuwa na alama ndogo ya penseli, kama aliyokuwa akiwawekea wakulima wasiojua wapi pa kuandika.

Na kwenye kona ya barua, kwa pini, picha nne za pasipoti.

Zilikuwa zake. Akajikumbuka ndani ya shati lile. Baba yake alimtuma kwa mpiga picha wa mjini, akazileta ndani ya bahasha, akamkabidhi, akarudi shambani. Hakuuliza ni za nini. Na Mzee wiki ile alizidiwa, hakuwahi kumwita.

Mama yake alikuwa amemfuata, amesimama mlangoni. Alizitazama zile picha mkononi mwa mwanawe.

"Alikutuma ukapige picha," akasema. "Ulidhani anataka kuzitundika?"

Mwenyekiti akatafuta mahali pa kukaa. Benchi lilikuwa mbali. Kiti kilikuwa hapo hapo, na kitenge chake.

Ndugu zangu, tumwache hapo, tujitazame sisi.

Sisi nasi tuna kiti tulichokifunika. Tunawasifu waliotuletea imani, tunayatunza makaburi yao, kila mwaka tunawafanyia kumbukumbu na kupika pilau. Na lile walilotuachia, limefungwa. Tukiulizwa tumejiandaa kuonana na Bwana, tunanyoosha mkono kwenye chokaa: jengo jipya, bati jipya, kwaya yenye sare. Unaona mwenyewe, tumejiandaa.

Halafu linakuja swali la upole, la dakika kumi. Sala ya nyumbani kwako haijambo? Ipo. Upendo kati yako na ndugu yako, mliyegombania naye kiwanja? Upo. Imani uliyobatiziwa? Ipo. Tusidanganyane humu ndani. Vingine vilikufa mwaka juzi, tukavizika kimyakimya, na mpaka leo tunatia saini kana kwamba viko hai. Nasi ndio tunaojiita watu wa kusema wazi.

Yule mwanamume alidhani heshima ni kutokigusa kiti cha baba yake. Kiti alikuwa amepewa. Baba hakutaka kukumbukwa kwa kitenge. Alitaka mwanawe akae, atie saini, kaya arobaini na tatu zipate kula. Na kwetu ni hivyo hivyo. Bwana wetu amekwisha kutuandikia, ametaja majina yetu, ametia saini yake. Ufunguo hatujanyimwa. Hatujauomba.

Imebaki saini moja, na mahali pake pamewekewa alama. Ni alama ya penseli, ndugu zangu. Penseli hufifia. Leo bado inaonekana.