Kadi ya Mwantumu

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani za majuzi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya geti la kituo cha mabasi, akampa mumewe mkoba amshikie, akaanza kuitafuta kadi yake ya safari.

Mwanamke huyo aliitwa Mwantumu. Mumewe aliitwa Hoza, mpima ardhi, mtu wa maneno machache. Jiji lao lilikuwa kubwa, na mabasi yake marefu yalikuwa na barabara yao wenyewe, isiyoingiliwa na gari jingine. Anayetaka kupanda hugonga kadi kwenye mashine, geti likafunguka. Kadi tupu haifungui. Kadi iliyojazwa hufungua mpaka safari zake ziishe, na geti halimwulizi mtu yeye ni nani.

"Nilikuona jana kwenye dirisha la tiketi," Hoza alisema. "Umejaza safari za mwezi mzima. Unahama?"

"Nihamie wapi na wewe hujui hata kuunga mchuzi? Nimejaza kadi kwa sababu pesa ya mkononi unaimalizia kwenye kahawa."

"Kadi hainunui kahawa."

"Ndiyo maana nimeijaza."

Akaipata kadi, akagonga, geti likafunguka. Hoza akampitishia mkoba juu ya vyuma. Mwantumu akageuka akasema, "Jioni nikukute kwenye benchi lile lile. Usije ukanihamishia kituo."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida.

Kituo chao kiliitwa Kisimani, mwisho wa njia. Kila jioni Hoza alitoka kazini mapema kuliko mkewe, akaketi kwenye benchi la kituoni, akamngoja. Mwantumu akishuka humkabidhi mkoba, wakarudi nyumbani polepole, kwa kuwa moyo wa Mwantumu ulikuwa haupendi tena haraka. Wafagiaji wa kituo walikwishamzoea. Walifagia wakilizunguka benchi, hawakumwambia ainue miguu.

Jioni ile basi lilikuja limewasha taa zote na jua bado linawaka. Mlango ulifunguka kabla halijatulia. Hoza akamwona mwanamke asiyemjua, mnene, amekaa juu ya ngazi za basi, na kichwa cha Mwantumu kimelala mikononi mwake. Watu wakasaidiana kumshusha. Wakamlaza kwenye benchi lile lile.

Mwantumu alimtazama mumewe. Alimtambua. Alifungua kiganja, na ndani yake mlikuwa na kadi.

"Hoza," alisema, "mpe aliyenifikisha."

"Nani?" Hoza aliuliza.

Mwantumu alitazama juu ya bega lake, walikosimama watu, kama anayetafuta uso mmoja kati ya nyuso. Roho ikamtoka kabla hajamtaja mtu. Machela yalipofika kutoka hospitali ya ng'ambo ya barabara, hayakuwa na mgonjwa wa kubeba. Daktari alimwambia Hoza kwamba moyo ule, hata kama ungesimama mlangoni pake, asingeweza kuurudisha. Hoza alishukuru. Kisha akauliza ni wapi atapata sanda.

Mazishini walikuja watu watatu ambao ukoo haukuwajua. Walisalimu, walikaa, walikula kidogo, wakaondoka. Siku ya arobaini wakaja tena.

Baada ya hitima, Mbaruku, kaka mkubwa wa Mwantumu, aligawa vitu vya marehemu kama ilivyo ada. Khanga zilikwenda kwa dada, mswala kwa shangazi, sufuria kubwa kwa jirani aliyepikia matanga. Mwisho akamgeukia Hoza.

"Shemeji, imebaki kadi."

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Hoza. Tangu siku ile ilihama shati hadi shati, na kila usiku ilikaa juu ya kimeza upande wa kitanda ambao haukuwa na mtu.

"Wasia wa maiti ni deni," Mbaruku akasema. "Alisema apewe aliyemfikisha. Wageni wetu hawa watatu, kila mmoja alikuwa na mkono wake katika safari ile. Na waseme."

Wa kwanza kusema alikuwa Tausi, fundi wa kushona mashuka, mwanamke mwembamba anayeishi karibu na kituo cha Mnara, katikati ya jiji, huko alikopandia Mwantumu jioni ile.

"Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni," Tausi alisema. "Kadi ikamponyoka, ikateleza chini ya vyuma vya geti, ikatokea upande wa pili. Foleni ikaanza maneno. 'Mama, toka njiani!' 'Huna kadi, kaa pembeni!' Yeye kashika chuma, jasho linamtiririka. Nikagonga kadi yangu, nikamwambia, 'Pita, mama.' Ilikuwa na safari moja tu, ya kunipeleka kwa mteja wangu na mzigo wa mashuka. Akapita, akaiokota ya kwake, akageuka akaninyoshea ili na mimi nipite. Basi likafika. Watu wakamsukuma mpaka ndani, mlango ukafungwa, bado mkono wake umenyoshwa. Nikaenda kwa miguu. Nilipofika, mteja alikuwa ameshanunua mashuka ya mwingine. Bila mimi asingevuka geti. Na kadi ile, baba, alikuwa ameshaanza kunipa."

"Ni kweli," Hoza akasema.

"Lakini ulijua kwamba anaumwa?" Mbaruku akauliza.

"Nilidhani ni joto," Tausi akajibu. "Nimwongopee nani? Nilidhani ni joto."

Wa pili alikuwa Kisoka, dereva wa basi.

"Wakanipigia kelele kutoka nyuma, 'Dereva, mtu anaanguka huku!' Nikatazama kwenye kioo nikamwona. Hospitali iko Kisimani, na barabara yetu haina pa kuchepukia. Kanuni inasema nisimame kila kituo. Nikawasha taa, nikapita vituo vyote. Huko nyuma ni matusi. 'Wewe, kituo changu!' 'Basi hili la baba yako?' Mmoja ananipigia kioo kwa kiatu. Nikawaambia, 'Nipigeni tukifika.' Nimesimamishwa kazi. Kila asubuhi naripoti kituo cha Karakana, nakaa kwenye ubao nangoja kuitwa, na nauli ya bure ya dereva sina tena. Bila mimi angefia njiani. Mama huyu asingemkuta bwana wake."

"Ni kweli," Hoza akasema.

"Na wale uliowapitisha vituo vyao?" Mbaruku akauliza. "Palikuwa na mtu anayewahi mtoto shuleni. Palikuwa na mtu anayewahi dawa yake. Ulitoa cha kwako, ndugu yangu, na cha watu pia."

Kisoka aliinamisha kichwa. "Nilijua," alisema. "Nikageuza macho nisiwaone."

Wa tatu alikuwa Mama Chausiku, muuza supu ya utumbo wa kituo cha Sokoni. Hoza aliijua mikono yake kabla hajaujua uso wake.

"Mimi sina maneno mengi," alianza, na ndugu walitabasamu kidogo, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa hajanyamaza. "Nikipanda basi na ndoo yangu watu huziba pua. Kiti cha ubavuni pangu hakikaliwi, hata basi lijae vipi. Ndiyo maana mama huyu alipata pa kukaa. Akanilalia. Nikamwuliza, 'Mama, una nani?' Akasema, 'Nina mtu kwenye benchi.' Nikaona macho yanafumba. Nikamwambia, 'Usilale. Ukilala, mkoba huu atapewa nani?' Akacheka. Wallahi, alicheka. Tukawa tunapita vituo, na kila kituo namtajia jina. Karakana hiyo, mama. Shimoni hiyo. Sokoni hiyo, kwangu, siteremki. Akiitikia, naendelea. Asipoitikia, namfinya. Nyinyi wawili mlifikisha mwili. Roho ilikuwa mikononi mwangu."

"Ni kweli," Hoza akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwanzo.

"Lakini wewe hukupoteza kitu, mama," Mbaruku akasema. "Huyu alipoteza mteja, huyu alipoteza kazi."

"Sikupoteza," Mama Chausiku akakubali. "Supu niliuza kesho yake. Sasa hapo nifanyeje, nijikate kidole?"

Kisoka akasema kwamba bila basi, geti ni vyuma tu. Tausi akasema kwamba bila geti kufunguka, basi lingempita limejaa wasiomhusu. Mama Chausiku akasema kwamba geti na basi vimewahi kufikisha maiti wengi, na hakuna maiti anayetoa wasia.

Mbaruku akaona maneno yanaanza kuwa makali. "Tuigawe," alisema. "Zitolewe pesa, kila mtu apate fungu lake."

"Hazitoki," Hoza akasema. "Kilichoingia kwenye kadi hakitoki ila kwa kugonga geti." Akakumbuka kahawa.

"Basi na waitumie kwa zamu."

"Zamu?" Mama Chausiku akaruka. "Mimi Sokoni, huyu Karakana, huyu Mnara. Wa zamu ya pili atamfuata wa zamu ya kwanza kwa nauli ya nani? Shemeji wa watu, kadi si kinu cha kutwangia kwa zamu."

Watu wakacheka, na kicheko kikaisha upesi kama kinavyoisha kwenye nyumba ya msiba.

Hapo Mama Chausiku akamgeukia Hoza. "Tena kuna mtu tumemsahau," alisema. "Sisi tulimvusha, tulimwendesha, tulimshika. Lakini mtu hafiki mahali pasipo na mtu. Ningemwambia nini asilale, kama kwenye benchi hapana anayengoja? Jioni zote zile, bwana, ulikuwa unamfikisha bila kujua. Ukiizuia kadi hiyo, mimi sitakudai mbele ya Mungu."

Tausi na Kisoka hawakumwunga mkono.

Hoza aliweka mkono juu ya mfuko wa shati. Mara tatu alikuwa amesema ni kweli, na mara zote tatu alimaanisha. Alitaka kusema hivyo mara ya nne. Hakuna neno alilowahi kulitaka kuliko hilo. Akaona nafsi yake inavyolikimbilia, na kwa sababu hiyo akaliogopa.

"Kila mtu hupima kwa kibaba chake," Mbaruku akamwambia kwa upole. "Wewe ndiye uliyeambiwa, si mimi. Lakini leo ni arobaini, shemeji. Kesho watu wanatawanyika. Wasia ukilala zaidi ya hapa, humlemea marehemu."

"Kesho asubuhi nitampelekea mwenyewe," Hoza akasema.

"Utampelekea nani?"

"Kesho asubuhi," Hoza akarudia, akasimama kuwasindikiza wageni.

Asubuhi Hoza aliamka, akaswali, akanywa chai ya rangi akiwa amesimama. Alivaa shati safi na kuihamishia kadi ndani yake. Alikwenda kituo cha Kisimani. Wafagiaji walipomwona walisogea, kwa kuwa walidhani atakaa kwenye benchi. Hakukaa. Alifika getini, akatoa kadi. Mashine ilikuwa tayari, taa yake inawaka, na nyuma yake mtu alikohoa. Hoza akaitazama kadi ile, akairudisha mfukoni, akatoa ya kwake. Akagonga. Geti likafunguka.

Basi lilikuwa na nafasi. Alikaa kiti cha dirishani, na kiti cha ubavuni pake kikabaki wazi. Mlango ukafungwa, benchi likarudi nyuma taratibu.

Sasa, wenzangu, sikilizeni njia ilivyo. Basi litokalo Kisimani husimama kwanza Sokoni, na pale Mama Chausiku amekwishawasha moto, aliyempa marehemu sauti yake na asipoteze kitu. Likitoka hapo hupita Shimoni, likafika Karakana, na pale Kisoka amekaa kwenye ubao anangoja kuitwa, aliyetoa kazi yake, na vituo vya watu juu yake. Mwisho hufika Mnara, na pale Tausi anapita na mzigo wake kwa miguu, aliyetoa safari yake ya mwisho akidhani ni joto. Na asiyeshuka popote, basi hilo hilo humzungusha likamrudisha Kisimani, kwenye benchi lake.

Hoza amekaa, mkono juu ya mfuko. Hajamwambia mtu neno, na kituo cha kwanza kinaonekana.

Je, nani alimfikisha Mwantumu? Nyinyi mngekuwa kwenye kiti kile kilicho wazi ubavuni pake, mngemwambia ashukie wapi?